Kabla ya kupigwa altrasaundi ya shingo

Mama mdogo alishuka kwenye basi la Lushoto akiwa na kikapu cha mapeasi na bahasha iliyokunjwa mara nne. Ndani mlikuwa na picha ya altrasaundi ya shingo ya mwaka jana, ile ya karatasi laini inayong'aa. Joto lilishaifuta, imebaki kijivu kitupu. Karatasi ya maelezo haikuwemo. "Nakumbuka waliandika moja nukta nane," akasema, kana kwamba yatosha.

Haitoshi. Jambo la kwanza kabla ya kwenda ni kusaka majibu ya zamani, na karatasi ya maelezo ina thamani kuliko picha. Kinundu cha tezi ya thairoidi, yaani kivimbe ndani ya tezi iliyo mbele ya shingo, hupimwa pande tatu. Huhesabiwa kimekua pale angalau vipimo viwili vinapoongezeka kwa asilimia 20, na nyongeza isipungue milimita 2. Kutoka milimita 10 kwenda 11 si habari, huenda ni mkono wa mpimaji tu. Kwa hiyo piga picha karatasi kwa simu siku hiyo hiyo unayopewa.

Maandalizi mengine ni mepesi. Kipimo hiki hakitaki mtu afunge, kunywa chai yako. Vua mkufu, vaa nguo yenye shingo pana. Anayevaa ushungi atauondoa shingoni, na si vibaya kuomba mapema kupimwa na mwanamke au kuingia na ndugu. Beba kanga ya kujifutia, maana jeli ni ya baridi na inanata.

Kisha inakuja karatasi, mara nyingi kwa Kiingereza, na hapo ndipo watu hukesha wakipekua simu. Ushauri wangu: usianze na ukubwa, anza na sura. Mfumo wa TI-RADS, uliotolewa mwaka 2017 na chuo cha wataalamu wa radiolojia cha Marekani, hutoa pointi kwa mambo matano: kilichomo ndani, weusi wake, umbo, kingo, na vidoa vyeupe. Kinundu cha maji matupu hakipati pointi. Kilichojaa nyama, cheusi kuliko tezi inayokizunguka (ndiyo maana ya haipoekoiki), kilichosimama wima kuliko kilivyo kipana, chenye kingo zilizochongoka au vidoa vidogo kama punje za chumvi, hicho hujikusanyia nyingi. Jumla ndiyo inayokipeleka kwenye daraja lake, kuanzia TR1 lisilo na shaka hadi TR5 lenye shaka kubwa ya saratani.

Ukubwa unaingia mwishoni, kuamua nani achomwe sindano nyembamba ya kuvuta chembe: TR5 kuanzia sentimita 1, TR4 sentimita 1.5, TR3 sentimita 2.5. Ndiyo maana jirani mwenye kinundu kikubwa huachwa na wewe mwenye kidogo ukaitwa. Na sehemu kubwa ya vinundu si saratani.

Tezi za limfu, mitoki kama tunavyoita, kila mtu anazo shingoni, kwa hiyo kutajwa kwake si ugonjwa. Yenye umbo la haragwe na kitovu cheupe cha mafuta ni ya kawaida. Iliyoviringana, iliyopoteza kitovu, yenye vidoa vya chokaa au vifuko vya maji, hiyo huulizwa zaidi. Hapa mpimaji anahitaji maneno yako kabla hajashika mashine: jino bovu, koo la wiki iliyopita, homa za jioni, jasho la usiku, kupungua uzito. Kifua kikuu cha tezi bado tunacho, na kwenye kioo kinaweza kufanana na saratani.

Altrasaundi pia haisemi kama tezi inafanya kazi sawasawa. Hilo ni la damu, kipimo cha TSH (homoni inayoiamrisha tezi ya thairoidi), kwa hiyo nenda na majibu yake kama yapo. Unayetumia vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini, sema, kwani huweza kupotosha majibu ya damu.

Tulipotoka hospitali ya Bombo, Tanga, mama mdogo alisoma "18" akashika kidevu. "Mwanangu, kutoka moja nukta nane hadi kumi na nane!" Nikamwonyesha herufi zilizofuata: zile zilikuwa sentimita, hizi milimita. TR3, arudi baada ya mwaka. Akanipa karatasi niipige picha, akataka nimtumie na binti yake wa Korogwe, maana simu yake mwenyewe huzimika ovyo.