Kuhesabu magari mtaani kwenu na kujenga modeli ya foleni

Mwongozo huu ni wa wakazi wanaotaka kwenda serikali ya mtaa au TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini Tanzania) wakiwa na takwimu, si malalamiko matupu. Mnahitaji watu wanne, mbao za kuandikia, penseli, simu za kupimia sekunde, tepu ya mita 50 na kompyuta moja.

1. Chagueni pa kusimama. Hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi: wanasimama njia panda penyewe, foleni ilipo. Foleni ikishajikaza, mnahesabu yale tu yanayofanikiwa kupita, si yanayotaka kupita. Nyuma yakiwa 20 au 200, fomu itaonyesha idadi ileile. Simameni mbali, mahali ambapo mkia wa foleni haufiki hata saa mbaya. Mtu mmoja abaki njia panda aandike kila dakika 5 mkia umefika wapi. Nguzo za umeme ni alama nzuri, ila pimeni kwanza umbali kati yake. Haulingani kila mahali.

2. Fomu. Wekeni safu za waenda kwa miguu, baiskeli na mikokoteni, bodaboda, bajaji, magari madogo, daladala na malori. Bodaboda zikitupwa kwenye "mengineyo", fomu haina maana. Kila mstari ni dakika 15. Andikeni kwa saa 24: mmoja akiandika 1:15 na mwingine 7:15 kwa wakati uleule, jedwali litavurugika. Hesabuni Jumanne hadi Alhamisi, shule zikiwa zimefunguliwa, saa 12 hadi 3 asubuhi na saa 10 jioni hadi 1 usiku. Kila mtu ashike uelekeo mmoja, na apokewe kila baada ya saa moja. Macho yakichoka, bodaboda ndizo za kwanza kupotea.

3. Mwendo. Chorea chaki alama mbili, mita 50 kati yake. Gawanya 180 kwa sekunde zilizotumika, upate kilomita kwa saa: sekunde 6 ni 30, sekunde 3.6 ni 50. Kuchelewa nusu sekunde kubonyeza mwishoni kunageuza 50 kuwa 44, kwa hiyo magari yakikimbia sana tumieni mita 100 na mgawanye 360. Pimeni kila gari la tano, lisilozuiwa na lililo mbele. Mkichagua kwa jicho mtanasa wakimbiaji tu. Pangeni vipimo 100 kuanzia cha polepole: cha 85 ndicho mhandisi atakachouliza.

4. Modeli. Modeli ni mfano wa barabara zenu na magari yake ndani ya kompyuta. SUMO ni programu huria ya bure ya kuutengeneza, kutoka Ujerumani. Fungueni osmWebWizard.py, mkate eneo lenu kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni (Dar es Salaam mitaa mingi imechorwa vizuri kupitia mradi wa Ramani Huria), na mteue uendeshaji wa kushoto kabla ya kutengeneza chochote. Magari inayokupeni ni ya kubahatisha, yafuteni. Tumieni routeSampler.py: ipeni njia zinazowezekana, zilizotengenezwa na randomTrips.py, pamoja na hesabu zenu, nayo itachagua safari zinazolingana na hesabu hizo.

5. Mambo mawili ya kwetu. Kwa kawaida SUMO huipanga bodaboda kwenye foleni nyuma ya gari kwa adabu ambayo hamjawahi kuiona. Wekeni `--lateral-resolution 0.8` kwenye amri ya kuendeshea SUMO ili bodaboda zianze kujipenyeza, la sivyo foleni itarefuka kupita kiasi. Daladala nazo zipewe vituo vya kusimama ndani ya njia, pale zinaposimama kweli, si pale kibao kilipo. Pia, gari likikwama sekunde 300 SUMO hulirusha mbele. Maonyo ya "teleporting" yakijaa, matokeo hayo msiyapeleke popote.

6. Linganisheni. Kwa kila barabara, chukueni tofauti kati ya modeli na hesabu ya saa moja, izidisheni kwa yenyewe, kisha kwa 2, gawanyeni kwa jumla ya namba hizo mbili, halafu tafuteni kipeo cha pili. Modeli 320 na hesabu 260 hutoa 3.5, chini ya 5 inakubalika. Hesabu zikikubali lakini foleni ya modeli ni fupi kuliko ya nguzo zenu, ongezeni kwanza muda wa daladala kusimama kabla ya kugusa idadi ya magari.