Kinywaji cha mbegu za mrehani: loweka kwanza, ndipo unywe

Habari zenu wapendwa. Wengi mmeomba somo la kinywaji chenye vimbegu vyeusi vinavyovimba, vile wanavyoweka kwenye faluda kule Dar na Zanzibar. Nyumbani kinatengenezeka vizuri, hata hapa Mbeya kwenye baridi yetu. Mambo mawili nitayakazia: mbegu umezitoa wapi, na zimelowa kiasi gani.

Tuanze na mbegu. Zinunue duka la viungo, si duka la pembejeo. Huku kwetu ni watu wa kilimo, mbegu za kupanda zinapatikana kila kona, na nyingi zimepakwa dawa ya kuua kuvu na wadudu. Nyingine utaziona zina rangi ya pinki au kijani, nyingine huoni chochote. Hizo ni za shambani tu, wala usijidanganye kwamba utaziosha. Dukani sema unataka mbegu za mrehani za kula. Maduka ya viungo vya Kihindi huziita tukmaria au sabja. Angalia usipewe chia: chia ina madoadoa ya kijivu na kahawia, mrehani ni nyeusi tii.

Mahitaji ya glasi nne: kijiko 1 cha chakula cha mbegu, pesheni 6 zilizoiva, limao 1, sukari au asali kwa kadiri upendavyo, na maji yaliyochemshwa. Walio juu kama Makete na Kitulo, maji yenu huchemka kwenye joto dogo zaidi, kwa hiyo yaacheni yatokote dakika 3 kabla ya kuepua.

1. Chambua mbegu zikiwa kavu. Zimwage kwenye sahani nyeupe, puliza makapi, toa vijiwe kwa kidole. Usiseme utazichambua baadaye, maana zikishagusa maji zinajivika ute, na mchanga ukinaswa humo hautoki tena.

2. Pima vikombe 2 vya maji ya uvuguvugu. Ya bomba ya mwezi wa Juni au Julai ni ya baridi mno, yatakuchelewesha. Nyunyiza mbegu kidogo kidogo huku unakoroga kwa uma. Ukizimwaga zote kwa pamoja zinashikana mabonge, katikati zinabaki kavu.

3. Subiri dakika 15 hadi 20, koroga tena katikati ya muda. Hapa tulia uangalie: kwanza inatokea pete ya kijivu kuzunguka kila mbegu, halafu pete inanenepa mpaka mbegu inakuwa kama yai la chura, jeusi katikati na ute angavu pembeni. Chukua moja, ibonyeze kwa ulimi. Ikiteleza, iko tayari. Ukisikia ugumu wa nje, ongeza maji na muda.

4. Kamua pesheni kwenye chujio, ongeza limao, sukari na vikombe 3 vya maji. Changanya na mbegu zako. Sukari usiiweke kwenye maji ya kulowekea, kwani maji mazito ya sukari yanazichelewesha kuvimba.

Kunywa siku hiyo hiyo. Kikibaki, kiweke kwenye friji, kesho kimalizike.

Maswali ya wanakikundi

*Kamwene dada. Mtoto wangu ana mwaka mmoja na nusu, nimpe? (Iringa)*
Kamwene mama. Hapana, subiri akue. Mbegu zinateleza, mtoto mdogo anapaliwa upesi. Na kwa wenye watoto chini ya mwaka mmoja, asali nayo wasipewe kabisa. Hata mtu mzima asibwie mbegu kavu: zikivimbia kooni ni hatari.

*Nimesikia zinapunguza kitambi na kutibu sukari. Ni kweli? (Mafinga)*
Zina nyuzinyuzi nyingi, kwa hiyo zinashibisha na kusaidia choo, mradi unywe maji ya kutosha. Dawa ya kisukari siyo. Anayetumia vidonge vya sukari au vya kuzuia damu kuganda aongee na mhudumu wake wa afya kabla ya kuzinywa kila siku. Tafadhali mtu asiache dawa zake kwa ajili ya somo langu.

*Kivumbasi kimejaa nyuma ya nyumba. Nichume mbegu zake? (Tukuyu)*
Ni ndugu wa mrehani, lakini mimi sikushauri. Kivumbasi ni jina la mimea zaidi ya mmoja, na ya kando ya njia hujui imepuliziwa nini. Kiache kifukuze mbu.

*Basi naweza kupanda mrehani wangu? (Njombe)*
Unaweza, ila hauvumilii umande unaoganda kuwa barafu. Kyela utakua bila shida. Njombe upande kwenye kopo baada ya baridi kuisha, Septemba hivi, mahali penye jua. Ukitaka mbegu, acha maua yake yasikatwe. Vikonyo vikishakauka na kuwa vya kahawia, vikate, visugue kati ya viganja juu ya sinia, peta, kisha anika kivulini mpaka zikauke kabisa kabla ya kuzifungia kwenye chupa.