Kutengeneza kitanzi cha fokasi kwa kichwa cha leza cha CD

Diski ya CD haizunguki ikiwa bapa kabisa. Viwango vyake vinaruhusu uso kupanda na kushuka takribani ±0.5 mm, ilhali mwale wa nanomita 780 unaopita kwenye lenzi yenye uwazi wa kinamba (NA) wa 0.45 unabaki mkali ndani ya mikromita 2 tu, juu au chini. Kwa hiyo lenzi lazima iifuate diski wakati wote. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuifanya ifuate kwa kitanzi, yaani mfumo unaopima kosa na kulisahihisha tena na tena, kwa kutumia kichwa kilichotolewa kwenye redio ya CD ya zamani na maikrokontrola yenye ADC (hugeuza volti kuwa namba) na DAC (hugeuza namba kuwa volti) za biti 12, mfano STM32F407. DAC ya biti 8 haifai: ikigawa mwendo wa mm 2, kila ngazi yake inakuwa karibu mikromita 8.

Kabla ya kuwasha: mwanga wa nanomita 780 hauonekani vizuri kwa jicho, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Usiinamie lenzi hata kidogo. Vichwa vingi vina tone la risasi ya kulehemu linalounganisha miguu ya dayodi ya leza ili isiuawe na umeme tuli; liondoe mwisho, baada ya nyaya zote kuunganishwa.

Hatua ya 1: Pata ishara ya kosa

Ndani ya kichwa kuna fotodayodi (kihisi cha mwanga) iliyogawanywa sehemu nne, A, B, C na D. Mwanga unaorudi hupitia lenzi ya silinda, hivyo doa huwa duara fokasi ikiwa sawa, na huvutika kuwa yai kuelekea A na C au kuelekea B na D diski ikisogea. Tengeneza ishara mbili:

Kosa: F = (A + C) − (B + D)
Jumla: J = A + B + C + D

Kisha gawa F kwa J ndani ya programu. Usiruke mgawanyo huu. Diski iliyochapwa kiwandani hurudisha zaidi ya asilimia 70 ya mwanga, CD-RW (inayofutika na kuandikwa upya) asilimia 15 hadi 25 tu. Bila kugawa, kitanzi kilichotulia kwenye diski moja kitalegea kwenye nyingine.

Hatua ya 2: Pima, usikisie

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Hesabu zinazofuata ni za dakika chache. Namba zikiwa mbovu, hakuna hesabu itakayokuokoa.

Koili ya fokasi, inayosogeza lenzi juu na chini, huwa na omu chache tu, kwa hiyo iendeshe kwa ampifaya ya nguvu kama L272. Diski ikiwa imesimama, ipe wimbi la pembetatu la ±1 V kwa 0.5 Hz, na utazame F kwenye oskiloskopu. Lenzi ikipanda utaona umbo la S dogo kwanza: huo ni uso wa plastiki. Halafu linakuja S kubwa, ambalo ni tabaka linaloakisi. Kati ya hizo mbili kuna plastiki ya mm 1.2, lakini kwa kuwa plastiki hupinda mwanga, lenzi yenyewe husogea takribani mm 0.75. Hiyo ndiyo rula yako: gawa 0.75 kwa tofauti ya volti kati ya S mbili, upate milimita kwa volti. Ukishaijua, soma pia mteremko wa katikati ya S kubwa, volti kwa mikromita.

Masafa ya asili ya lenzi na springi zake yapate hivi: lisha koili wimbi laini (sine) la 0.5 V kupitia rezista ya omu 100, na upandishe masafa polepole kutoka 10 Hz. Voltaji kwenye koili itavimba mahali pamoja, mara nyingi karibu na 40 Hz.

Hatua ya 3: Chagua ukuzaji

Tuchukue mfano wa 1 mm/V, 0.2 V kwa mikromita, na 40 Hz. Koili na kihisi pamoja vinatoa ukuzaji (gain, ishara inazidishwa mara ngapi) wa 200. Diski ya CD huzunguka hadi mara 500 kwa dakika, yaani takribani 8 Hz. Kupunguza mikromita 500 kuwa chini ya 1 kunataka ukuzaji wa zaidi ya 500 kwenye masafa hayo.

Lenga kitanzi kivuke ukuzaji wa 1 kwenye 1 kHz. Juu ya 40 Hz lenzi huchelewa karibu nyuzi 180, kwa hiyo ongeza kichujio cha kutanguliza fezi, kinachofidia ucheleweshaji huo, kati ya 333 Hz na 3 kHz. Kinakupa nyuzi 53 na kinazidisha mara 3 kwenye 1 kHz. Ukuzaji wa chini unakuwa (1000/40)² ÷ 3, yaani 208. Hautoshi, ndiyo maana kijumlishi (integrator, hukusanya kosa kadiri muda unavyopita) cha 30 Hz kinahitajika: kwenye 8 Hz kinazidisha karibu mara 3.9, jumla inafika 800, na kosa linabaki mikromita 0.6.

Kwa sampuli 50,000 kwa sekunde, e ikiwa ni kosa lililogawanywa na kurudishwa kwenye kipimo cha volti ulichopimia mteremko, y tokeo la kichujio na i kijumlishi:

y = 0.683·y_iliyopita + 7.732·e − 7.415·e_iliyopita
i = i + 0.00377·y
koili = 1.04·(y + i)

Ucheleweshaji wa sampuli moja na nusu unakula nyuzi 11, kijumlishi karibu 2. Zinabaki nyuzi 40 hivi. Ukishusha sampuli hadi 20,000, nyuzi 27 zinaliwa na ucheleweshaji peke yake, na kitanzi kitatetemeka.

Hatua ya 4: Nasa fokasi diski ikiwa imesimama

Pandisha lenzi kwa mm 2 kwa sekunde. Subiri J ivuke kizingiti kilicho juu ya kilele cha uso wa plastiki, kisha F ikivuka sifuri funga kitanzi, ukianza na i yenye voltaji ya koili ya wakati huo ikigawanywa kwa 1.04. Kwa kasi hiyo lenzi hupitiliza kama mikromita 0.3. Diski inayozunguka kwa 8 Hz husogea hadi mm 25 kwa sekunde. Hapo kupitiliza kunafika mikromita 4, karibu na ukingo wa S, na baada ya ukingo mteremko hugeuka na kitanzi huisukuma lenzi mbali zaidi. Washa mota baada ya kunasa.

J ikianguka, fungua kitanzi mara moja, futa i, utafute upya. Usiiache koili ikisukuma lenzi kwenye kizuizi, itaungua.

Ikigoma

Lenzi ikiruka pembeni mara tu kitanzi kinapofungwa, ishara imegeuka: badilisha nyaya za koili. Mlio mkali karibu na 1 kHz unaashiria ukuzaji uliozidi, shusha 1.04 kidogo kidogo. Ikinasa lakini J ni ndogo, umekamata uso wa plastiki, pandisha kizingiti. Kila kitu kikitulia na data bado ni chafu, ongeza au punguza kiasi kidogo kwenye e hadi mawimbi ya data yawe na kimo kikubwa kabisa, kwani sifuri ya F mara nyingi haiko pale fokasi bora ilipo. Lenzi ifutwe kwa isopropili, kamwe si asetoni: ni ya plastiki, itayeyuka.