Waifai imegoma kwenye Linux Mint: anza na namba ya kadi

Mdogo wangu, mwalimu wa sekondari, aliniletea laptopu ya mtumba nimwekee Linux Mint, mfumo endeshi wa kompyuta. Sauti ikatoka, kamera ikawaka, mwanga wa skrini ukakubali kupandishwa na kushushwa. Waifai ndiyo haikuonekana kabisa. Hapa wengi hukimbilia kunakili amri za mtu mwenye mashine nyingine, na ninaomba sana usifanye hivyo. Ijue kwanza kadi yako.

Fungua teminali uandike:

lspci -nnk | grep -iA3 net

Laptopu yake ilitoa BCM43142 na namba 14e4:4365. Nusu ya kwanza ni ya mtengenezaji, yaani Broadcom. Ya pili ni ya kadi yenyewe. Kibandiko kilicho chini ya laptopu usikitegemee, maana mashine mbili za toleo moja zinaweza kubeba kadi tofauti. Angalia pia mstari wa "Kernel driver in use". Kwake ulisema bcma-pci-bridge: kerneli (kiini cha Linux) imeiona kadi, lakini draiva, yaani programu ya kuiendesha, haipo.

Andika pia rfkill list, uone kama waifai imezimwa. Ukikuta "Hard blocked: yes", tafuta kitufe cha waifai kwenye kibodi kabla ya kuhangaika na draiva.

Sasa unahitaji intaneti ili upate draiva ya intaneti. Chomeka simu ya Android kwa waya wake wa data, kisha kwenye mipangilio ya simu washa kushiriki intaneti kwa USB. Linux huiona simu kama mtandao wa waya. Simu ikiwa imeshika waifai ya nyumbani, kwa kawaida hata bando haliguswi.

sudo apt update
sudo apt install bcmwl-kernel-source

Hiyo ni ya Mint na Ubuntu, kwa kadi hii. Kwenye Debian, aina nyingine ya Linux, kifurushi kinaitwa broadcom-sta-dkms, na lazima uwe umeruhusu sehemu ya non-free (ya programu zisizo huru). Kifurushi kinajenga moduli (ndiyo draiva yenyewe) iitwayo wl kulingana na kerneli yako, kwa hiyo kiache kimalize, usichomoe waya.

Secure Boot (ulinzi unaokataa programu zisizosainiwa mashine inapowaka) ikiwa imewashwa, utaombwa utunge nywila. Tumia herufi na tarakimu za kawaida tu, angalau nane, uiandike kwenye karatasi. Mashine ikiwaka upya inakuja skrini ya bluu, nayo inakusubiri kwa sekunde 10 tu: bonyeza kitufe chochote, chagua Enroll MOK (kusajili ufunguo unaosaini moduli), Continue, Yes, ingiza nywila, kisha Reboot.

Mdogo wangu alinipigia jioni ile: "Kaka, imekuja bluu, nikaogopa, nikachagua Continue boot." Basi moduli haikukubaliwa, na ombi lenyewe likafutika. Nilimwambia aandike hivi, atunge nywila nyingine, awashe upya:

sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der

Safari hii nilibaki naye kwenye simu mpaka lspci -k ikaonyesha wl.

Kerneli ikisasishwa, DKMS, programu inayojenga moduli, huijenga wl upya yenyewe. Ikitokea waifai imepotea baada ya masasisho, washa mashine, ingia Advanced options kwenye menyu ya GRUB (ya kuchagua cha kuwasha), chagua kerneli ya zamani, kisha soma dkms status inasemaje.