Unaanza kozi ya mtandaoni ya kutengeneza tovuti? Tengeneza menyu ya mama lishe

Vijana ninaowafundisha hapa Morogoro huanza na swali lilelile: nichukue kozi gani? Chagua moja ya bure, umalize HTML (lugha ya kuandika yaliyomo kwenye ukurasa) na CSS (lugha ya kuupamba na kuupanga) ndipo uangalie nyingine. Mimi huwapeleka freeCodeCamp, tovuti ya kujifunzia kuandika kodi. Ipo tangu 2014, haina ada, na masomo yake mengi ni ya kusoma na kuandika, kwa hiyo bando haliishi haraka kama la anayetazama video. Ukikwama, fungua MDN, tovuti ya Mozilla yenye maelezo ya HTML na CSS, usome maelezo ya kitu hichohicho kilichokukwamisha. Kozi za kulipia zisubiri.

VS Code, programu ya kuandikia kodi, ipakue ukiwa penye Wi-Fi. Baada ya hapo unaandika hata bila intaneti, maana faili la HTML linafunguka kwenye kivinjari kutoka kwenye folda yako. Wengi hawalijui hili, bando likiisha nao wanaacha mazoezi.

Sasa nisikilize vizuri, mdogo wangu. Siku hiyohiyo unayojisajili, anza ukurasa wako pembeni. Kozi inakushika mkono hatua kwa hatua. Unaweza kufika mbali sana, halafu ukipewa faili tupu ushindwe pa kuanzia. Inaniuma kuona kijana mwenye bidii akifikia hapo. Kwa hiyo nenda kwa mama lishe wa mtaani kwenu, mwombe bei za vyakula vyake, umtengenezee menyu.

Fungua folda, ndani yake weka faili la index.html. Juu andika <html lang="sw">, kivinjari kijue lugha ni Kiswahili. Ndani ya head, sehemu ya juu ya faili isiyoonekana kwenye ukurasa, usikose mstari huu:

<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">

Bila huo, simu itaubana ukurasa mzima na maandishi yatakuwa madogo mno, na wateja wa mama lishe wako kwenye simu. Kisha weka kichwa cha ukurasa, <h1>Menyu ya Leo</h1>, na chini yake wali maharage, ugali dagaa, chapati. Hifadhi, pakia upya ukurasa, tazama. Ukiona kila kitu kimekuwa kikubwa na kizito hadi chini, hukuifunga h1 kwa </h1>. Rudi usome mstari mmoja mmoja, utaiona.

Kila ukimaliza somo, lifunge, ulirudie kwenye menyu kwa kichwa chako, bila kunakili. Siku ya flexbox, yaani njia ya CSS ya kupanga vitu kwenye mstari, kwa mfano, jina la chakula likae kushoto na bei kulia; justify-content: space-between itakufanyia hivyo.

Menyu ikikaa sawa, ipandishe bure kwenye GitHub Pages, huduma ya kuweka kurasa zako mtandaoni. Picha za simu zina megabaiti kadhaa, zipunguze kwanza. Majina ya mafaili yaandike kwa herufi ndogo tupu: kwenye Windows, Wali.JPG na wali.jpg ni kitu kimoja, lakini mtandaoni ni viwili, na picha iliyoonekana vizuri kwako itapotea.

Mtumie mama lishe kiungo, ukae pembeni aufungue kwa simu yake bila kumwelekeza. Rekebisha pale anapokwama, ndipo uingie JavaScript, lugha ya kuufanya ukurasa uitikie anachofanya mtumiaji. Kazi yako ya kwanza humo iwe kujumlisha bei za sahani ambazo mteja amechagua.