Jinsi ya Kupokea na Kuondoa Vifaa katika Makumbusho Madogo: Mwongozo kwa Watunzaji wa Kanda ya Ziwa

Mwongozo huu unawahusu wanaotunza mikusanyo midogo ya kiutamaduni Mwanza na visiwani: chumba cha kumbukumbu cha shule, ikulu ya zamani ya mtemi iliyofunguliwa kwa wageni, au kituo cha utamaduni cha kijiji. Wengi wetu hatuna idara ya usajili wala mwanasheria. Tuna daftari, kabati na stoo iliyokwisha kujaa. Maswali ninayoulizwa mara nyingi yanahusu kuondoa vitu, lakini karibu kila mara jibu linapatikana siku kitu kilipoingia, kwa kuwa kifaa kilichopokelewa bila karatasi hakiondoki bila ugomvi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya hatua hizi ni za kupokea.

Hatua ya 1: Andikeni sera ya mkusanyo

Kurasa mbili zinatosha. Sera itaje eneo, kipindi na aina ya vitu mnavyokusanya, na iseme ni nani anayeamua. Makumbusho ya Ukerewe, kwa mfano, yanaweza kujifunga kwenye zana za uvuvi na kilimo za Wakerewe, Wajita na Wakara: migono, makasia, mitumbwi, majembe. Mtu akileta mavazi ya wachezaji wa Bagalu au Bagika, vyama vya ngoma vya Wasukuma, hata yakiwa mazuri namna gani, mnamwelekeza kwa heshima kwenye Makumbusho ya Wasukuma yaliyoko Bujora, Kisesa, ambako mambo ya Wasukuma yamekusanywa tangu enzi za mwanzilishi wake, Padre David Clement. Uamuzi wa kupokea au kuondoa usiwe wa mtunzaji peke yake, bali wa kamati inayoandika muhtasari wa kikao. Mtunzaji hupendekeza, kamati huamua.

Hatua ya 2: Chunguzeni haki ya mtoaji

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Utawala wa machifu ulifutwa Tanganyika mwaka 1963, na vitu vingi vya kitemi, kama ngoma, viti vya enzi, mikuki na ngozi za simba, vilibaki mikononi mwa yeyote aliyekuwa karibu navyo wakati huo. Je, ngoma ile ilikuwa mali ya mtemi mwenyewe, ya ukoo wake, au ya himaya nzima? Swali hilo halijibiwi na mtu mmoja. Mjukuu anayeishi mjini Mwanza anaweza kuleta ngoma ya babu yake kwenye gari la mizigo akiwa na nia njema kabisa, huku shangazi zake walioko Magu hawana habari. Mpokeeni vizuri, andikeni maelezo yake, kisha mwombeni alete muhtasari wa kikao cha ukoo uliosainiwa au kuwekwa dole gumba na wazee, pamoja na muhuri wa serikali ya kijiji. Akikasirika, mwacheni arudi na ngoma yake. Wazee wa himaya husika nao waulizwe mmoja mmoja, si katika mkutano, kwa kuwa mkutanoni watu hukubaliana haraka mno.

Vitu vinavyouzwa na wachuuzi ni jambo jingine, na msimamo wangu ni mkali: mchuuzi asiyeweza kueleza kitu kilitoka nyumba gani, asinunuliwe kitu. Makumbusho yakianza kulipa fedha, vitu vitaanza kuibwa kwenye makaburi na nyumba za matambiko za jirani. Historia ya nchi yetu inatoa mfano. Kinyago cha Kimakonde kiliibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1984, na mwaka uliofuata kikanunuliwa huko Paris na Makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva. Kilirejeshwa Tanzania mwaka 2010, baada ya mazungumzo ya miaka mingi. Hata makumbusho yenye fedha na wataalamu yanaweza kununua mali ya wizi.

Sheria nazo zizingatiwe mapema. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na pia inagusa vifaa vya baadaye vilivyotengenezwa kwa matumizi ya kijamii na kiutamaduni. Vinyago vilivyochongwa ili kuuziwa watalii havimo. Kabla ya kununua, kuuza au kubadilishana kitu kinachoguswa na sheria hiyo, na kabla ya kukipeleka nje ya nchi kwa sababu yoyote, ulizeni mamlaka ya malikale kuhusu kibali. Zaidi ya hapo, bangili ya pembe za ndovu, ngozi ya chui na ngozi ya simba ni nyara chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Msizisafirishe wala kuzipokea kabla ya kuzungumza na ofisi ya wanyamapori kuhusu hati ya umiliki, hata kama zimekaa kwenye ukoo vizazi vitatu, kwa sababu askari wa kizuizi cha barabarani hatajua kwamba ninyi ni makumbusho, na kesi za nyara hufunguliwa kama uhujumu uchumi.

Hatua ya 3: Tofautisheni zawadi, amana na azima

Zawadi ni kitu kilichotolewa moja kwa moja, umiliki ukahama. Amana ni kitu ambacho ukoo unabaki kuwa mwenyewe nanyi mnakitunza kwa masharti, pengine ukikichukua kwa tambiko kisha kukirudisha. Azima ina tarehe ya kurudishwa. Ugomvi mwingi niliousikia kandokando ya ziwa ulitokana na upande mmoja kuamini umetoa amana na upande wa pili kuamini umepewa zawadi. Ninapendelea amana kwa vitu vya kitemi ambavyo bado vina kazi ya matambiko. Ni mzigo kwa mtunzaji, ila unawaacha wenye mali na heshima yao.

Hatua ya 4: Andikeni hati ya makabidhiano

Hati iwe katika nakala mbili na isainiwe mbele ya mashahidi wa pande zote mbili. Itaje jina la kitu katika lugha ya wenyeji na kwa Kiswahili, vipimo, nyufa na kasoro zilizopo, aliyekitengeneza kama anajulikana, kilikotoka, na kama ni zawadi, amana au azima. Kisha ongezeni kifungu ambacho watu wengi huona haya kukiandika: kitu kikiharibika au kisipohitajika tena, kifanywe nini, na nani aulizwe kwanza? Mtoaji aliye hai hulijibu swali hilo kwa dakika chache. Watoto wake, miaka thelathini baadaye, watahitaji vikao.

Hatua ya 5: Namba, picha na karantini

Tumieni namba yenye sehemu tatu: mwaka, kundi, kitu. Kitu cha tatu katika kundi la saba lililopokelewa mwaka 2024 kitakuwa 2024.7.3. Kwenye mti mgumu, namba huandikwa juu ya utando mwembamba wa Paraloid B72, aina ya vanishi angavu ya wahifadhi, unaoweza kuondolewa kwa asetoni. Kwenye vikapu, vibuyu na nyavu fungeni kitambulisho kwa utepe wa pamba, mkiandika kwa penseli. Pigeni picha pande zote, rula ikionekana.

Kitu cha mti au nyasi kisiingie stoo siku hiyohiyo. Kama kina dalili za bungua, yaani wadudu watoboao mti, kifungeni ndani ya plastiki na kukiweka kwenye friza yenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa muda usiopungua wiki moja, kisha kiacheni kirudi kwenye joto la kawaida kabla ya kufungua plastiki. Friza Mwanza hazikosekani, lakini msiazime ya samaki. Ngoma yenye ngozi iliyokazwa msiigandishe bila ushauri wa mhifadhi.

Hatua ya 6: Sababu za kuondoa

Sababu zinazokubalika ni chache: kitu kiko nje ya sera, kimeoza kiasi cha kutotengenezeka, kina nakala nyingine iliyo bora, kilipatikana isivyo halali, au wenyewe wanakidai kwa haki. Uhaba wa fedha za mishahara au za kupaka rangi jengo si sababu. Kanuni za maadili za ICOM, Baraza la Kimataifa la Makumbusho, zinataka fedha zinazotokana na kitu kilichoondolewa zitumike kwa manufaa ya mkusanyo tu. Wafanyakazi, wajumbe wa bodi na jamaa zao wasikinunue kitu hicho wala kupewa, hata kama ni kasia bovu.

Hatua ya 7: Utaratibu wa kuondoa

Kwanza fungueni hati ya makabidhiano na kuthibitisha kwamba kitu ni chenu. Amana haiondolewi, hurudishwa. Mtunzaji aandike pendekezo, kamati ipitishe azimio, na afisa utamaduni wa halmashauri ajulishwe. Kisha ulizeni kwa mpangilio huu: ukoo au jamii kilikotoka, makumbusho mengine, shule kwa ajili ya kufundishia. Mauzo yawe ya mwisho na ya wazi. Kuteketeza ni kwa kilichooza kabisa, baada ya kupigwa picha na mbele ya mashahidi, na kwa kitu cha matambiko wazee ndio waseme kizikwe, kichomwe au kiachwe porini.

Anayepokea apewe nakala za kumbukumbu zote. Kama kitu ni cha ngozi au manyoya na kiliwahi kukaa katika mkusanyo wa zamani, mwonyeni kwamba baadhi ya watunzaji wa enzi hizo waliua wadudu kwa sumu za aseniki na DDT, na kwamba kivaliwe au kuchezewa ngoma tu baada ya kupimwa.

Hatua ya 8: Daftari

Namba ya kitu kilichoondoka haipewi kitu kingine kamwe. Msichane ukurasa wala kupaka wino mweupe. Pigeni mstari mmoja mwembamba kwa kalamu nyekundu ili maandishi ya awali yaendelee kusomeka, kisha pembeni muandike tarehe, kikao kilichoazimia, aliyepokea na jalada ilipo hati.