Kumshusha mgeni kwenye mashua ya mpira

Mimi mtoto wa Mombasa, feri ya Likoni nimeipanda tangu nikibebwa mgongoni. Lakini kumtoa bibi wa miaka 80 melini na kumtia kwenye mashua ya mpira, kule Antaktika, nilijifunza upya.

Kwanza mikono yake iwe mitupu. Kamera na mkoba vitangulie. Usimpe kiganja, maana glavu iliyolowa huteleza kama samaki. Mshike kigasha, naye akushike chako, mkazane. Tulia, wimbi liinue mashua. Ikifika juu, mwambie: "Sasa, mama." Mguu mmoja juu ya ubavu wa mpira, wa pili ndani, akae, kisha ajisogeze kwa makalio. Asiruke! Bwana mmoja aliniponyoka akaruka, akatua mapajani mwa mke wa mwenzake.

Nchi kavu hawazidi wageni 100 kwa wakati mmoja, na pengwini usimkaribie chini ya mita 5. Akikujia mwenyewe, simama tu.

Mkirudi, msugue buti hadi kwenye mifereji ya soli, kisha achovye kwenye dawa. Kinyesi cha pengwini kinanuka kushinda dagaa walionyeshewa.